SHIDA YETU TUIPELEKE WAPI?

Kuna maneno tunayasikia katika vijiji vingi vya wilaya ya Same. Tunayasikia juu milimani, Vudee na Mamba. Tunayasikia na huku tambarare, Makanya na Hedaru. Maneno yenyewe ni haya: "Serikali haitusikii."

Bomba halitoi maji, watu wanasema serikali haitusikii. Barabara imekatika, wanasema vile vile. Zahanati haina dawa, wanasema vile vile. Sisi huwauliza, "Je, mlimweleza nani?" Wanajibu, "Aa, tumesema sana." Mlisema wapi? "Tulisema msibani. Tulisema gulioni. Tulisema njiani tukitoka shambani."

Basi hapo ndipo penye kasoro. Kusema tumesema, lakini hatukusema mahali panaposikika. Serikali si mtu mmoja aliyekaa Dodoma mwenye masikio ya kusikia kila gulio. Serikali ina ngazi, na kila ngazi ina kazi yake. Anayejua ngazi hizo hafiki mbali kwa bahati. Hufika kwa sababu anajua mlango wa kubisha.

Katika makala hii tutaeleza ngazi hizo moja moja. Halafu tutaonyesha jinsi ya kuipeleka shida ya kijiji mpaka ipate jibu.

KUSOMA KWETU NI KWA AJILI GANI?

Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima katika Tanzania. Rais wa wakati huo, Mwalimu Julius Nyerere, aliomba wilaya sita zifute kabisa ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Wilaya ya Pare ilikuwa mojawapo. Wakati huo Pare ilikuwa wilaya moja. Leo ni wilaya mbili, Same na Mwanga.

Wazee wetu walikaa darasani jioni wakiwa wamechoka na jembe. Hawakufanya hivyo ili waandike majina yao tu. Walitaka kusoma mizani ya kahawa wasipunjwe. Walitaka kusoma barua za watoto wao bila kumwita jirani. Na walitaka kujua mambo ya nchi yao. Sisi tuliomaliza madarasa yetu juzi juzi tuna deni hilo hilo. Kalamu tunayo. Tuitumie.

NGAZI YA KWANZA: KITONGOJI NA KIJIJI

Ngazi iliyo karibu kabisa na mlango wa nyumba yako ni kitongoji. Kitongoji kina mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi. Ugomvi wa mifereji, njia iliyozibwa, mgeni asiyejulikana, hayo yote huanzia kwake.

Vitongoji kadhaa vinafanya kijiji. Hapa tusome taratibu, maana watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna Halmashauri ya Kijiji na kuna Mkutano Mkuu wa Kijiji. Si kitu kimoja.

Halmashauri ya Kijiji ni wajumbe waliochaguliwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema wajumbe wasipungue 15 wala wasizidi 25. Wanawake wasipungue robo yao. Mwenyekiti wa Kijiji ndiye anayeongoza vikao. Afisa Mtendaji wa Kijiji ndiye katibu. Mwenyekiti tunamchagua sisi kwa kura kila baada ya miaka mitano, na mara ya mwisho tulichagua tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji hatumchagui. Yeye ni mtumishi aliyeajiriwa. Kazi yake ni kuandika, kutunza kumbukumbu na kutekeleza yaliyoamuliwa. Halmashauri hukutana kila mwezi.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wewe. Ndiyo, ni wewe. Kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili timamu ni mjumbe wa Mkutano Mkuu. Haulizwi amesoma mpaka darasa la ngapi. Haulizwi ana ng'ombe wangapi. Mama ni mjumbe sawa na baba, na kijana sawa na mzee. Mkutano huu hukutana kila baada ya miezi mitatu. Nao ndio wenye mamlaka ya mwisho katika mambo makubwa ya kijiji. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila Mkutano Mkuu kuridhia. Haiwezi kutunga sheria ndogo bila kuileta kwanza mbele ya wanakijiji. Mapato na matumizi ya kijiji husomwa hapo hapo.

Sasa tujiulize. Mara ya mwisho mkutano ulipoitwa, tulikuwa wapi? Wengine walikuwa shambani, wengine gulioni. Wengine walisema, "Waende wanaume." Halafu mchango ukapitishwa na watu thelathini, nasi wote tukaanza kulalamika. Aliyekuwapo ndiye aliyeamua.

NGAZI YA PILI: KATA

Vijiji kadhaa vinafanya kata. Kata ina Diwani, ambaye tunamchagua. Ina Afisa Mtendaji wa Kata, ambaye ni mtumishi. Kikao kikubwa cha kata kinaitwa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wake, na wenyeviti wa vijiji vyote vya kata ni wajumbe. Katibu ni Mtendaji wa Kata.

Kamati hii ni kama chekeche. Kila kijiji huleta maombi yake. Kamati hutazama lipi litangulie, kisha huyapeleka wilayani. Ombi ambalo halikuandikwa kwenye muhtasari wa kijiji haliwezi kufika hapa. Mwenyekiti wenu akienda mikono mitupu, atarudi mikono mitupu.

NGAZI YA TATU: HALMASHAURI YA WILAYA

Halmashauri ya Wilaya ya Same ndiyo inayosimamia shule za msingi na sekondari za serikali, zahanati, vituo vya afya, kilimo na mifugo. Hukusanya ushuru, na hupokea fedha kutoka Serikali Kuu.

Madiwani wote wakikaa pamoja tunawaita Baraza la Madiwani. Wamo madiwani wa kata na madiwani wanawake wa viti maalumu. Wabunge wetu nao ni wajumbe. Baraza huchagua mwenyekiti wake. Mkurugenzi Mtendaji ni katibu na ndiye mkuu wa watumishi. Yeye huteuliwa na Rais.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mkutano wa Baraza la Madiwani ni wa wazi. Mwananchi anaweza kwenda Same mjini, akakaa kimya mahali pa wasikilizaji, akasikia kama Diwani wake ametaja shida ya kijiji chao au la. Hatozwi kiingilio.

Halmashauri za wilaya hazikuwapo siku zote. Zilivunjwa mwaka 1972, wakati wa Madaraka Mikoani, na kazi zao zikachukuliwa na maofisa wa serikali. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, sheria ilizirudisha. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema lengo la serikali za mitaa ni kuwapelekea wananchi madaraka. Kwa hiyo ukiuliza swali mkutanoni hujamvunjia mtu heshima. Umetumia madaraka yako.

MKUU WA WILAYA NI NANI BASI?

Wengi humchanganya Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi. Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa Rais na Serikali Kuu katika wilaya. Anashughulika zaidi na ulinzi na usalama, na huangalia kama sera za serikali zinafuatwa. Juu yake yuko Mkuu wa Mkoa, ambaye kwetu yuko Moshi. Wote wawili huteuliwa na Rais. Ni vizuri kuwapelekea shida iliyoshindikana kule chini. Lakini ukianza na Mkuu wa Wilaya kwa kila jambo dogo, atakurudisha kwa Mtendaji wako, nawe utakuwa umepoteza nauli.

Mbunge naye ana kazi yake. Yeye hutunga sheria, hupitisha bajeti ya nchi na huwauliza mawaziri maswali. Mbunge hana fungu la kujenga kila kalavati. Lakini anaweza kumfanya Waziri asimame na kujibu.

KILA SHIDA NA MLANGO WAKE

Siku hizi kuna mashirika na wakala mbalimbali. Zamani mambo mengi yalikuwa ofisi moja. Sasa yamegawanywa. Hebu tuyapange:

Maji ya bomba vijijini: RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Una Meneja wa wilaya. Kijijini kuna chombo cha watumia maji, ambacho hukusanya fedha za maji na kufanya matengenezo madogo.

Barabara za vijijini: TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Nao una Meneja wa wilaya.

Barabara kuu na za mkoa: TANROADS. Kwa mfano barabara kuu inayopita Same kwenda Tanga na Dar es Salaam ni ya TANROADS.

Umeme: TANESCO.

Shule, zahanati, bwana shamba, bwana mifugo: Halmashauri ya Wilaya, kwa Mkurugenzi.

Ardhi ya kijiji: Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ugomvi wa mpaka husuluhishwa kwanza na Baraza la Ardhi la Kijiji. Ukishindikana huenda Baraza la Kata, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tembo walioingia shambani kutoka Mkomazi: mweleze Mtendaji wa Kijiji siku hiyo hiyo, naye amwite ofisa wanyamapori wa wilaya. Usilime upya kabla shamba halijatazamwa. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, na kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa. Bila kukaguliwa hakuna fomu, na bila fomu hakuna malipo.

Unaona sasa? Mtu akipeleka shida ya maji TARURA, hata kama ana haki, hatapata maji.

WAZEE WETU WALIIJUA KAZI HII

Msidhani kudai haki kwa utaratibu ni jambo jipya Upare. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati wa Mwingereza, baraza la wakuu wa Upare lilileta kodi mpya. Kodi ya zamani ilikuwa sawa kwa kila mtu. Hii mpya ilipimwa kwa mali ya mtu. Watu waliiita mbiru. Walilalamika kuwa upimaji wake si wa haki.

Mwezi Januari mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakaenda Same, makao ya wilaya. Hawakuja kupigana. Walikuja kusema na kungoja jibu. Walipoambiwa watawanyike, hawakukubali. Pia walipeleka malalamiko yao kwa maandishi kwa wakubwa wa juu. Baadaye wanawake wa Usangi nao walitoka kuwakabili wakubwa, maana nyumba zilikuwa zinaumia. Jambo hilo lilichukua muda mrefu, lakini hadi kufika mwaka 1947 mbiru ilikuwa imekwisha. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa huku huku Upare, aliandika kitabu juu yake, kikachapishwa mwaka 1971.

Tutazame walifanya nini. Kwanza, hawakusema hawataki kulipa kodi kabisa. Walisema hawataki kodi inayopimwa hivyo. Neno lao lilikuwa moja, tena wazi. Pili, walikuwa pamoja, watu wa Usangi na Ugweno na wa huku kusini. Tatu, hawakuchoka mapema.

Wao walidai chini ya mkoloni, bila kura na bila diwani. Sisi leo tuna mkutano, tuna kura, tuna sheria. Je, sisi tushindwe na kalavati?

TUTAZAME MFANO MMOJA

Tuseme kijiji chetu kiko juu, upande wa tangawizi. Mvua za masika zimesomba kalavati. Gari halipiti. Tangawizi inaozea nyumbani. Kibaya zaidi, mama mjamzito akizidiwa usiku hubebwa kwa machela kwa saa tatu mpaka penye gari. Tufanyeje?

Kwanza, tuipime shida. "Barabara ni mbaya" si maneno ya kutosha, kwa sababu barabara mbaya ziko nyingi. Tuandike kwenye daftari: kalavati liko kitongoji gani, lilivunjika tarehe ngapi, kaya ngapi ziko upande wa pili. Wagonjwa wangapi wamebebwa kwa machela tangu siku hiyo? Magunia mangapi ya tangawizi yameharibika? Watoto wangapi hawafiki shule mvua ikinyesha? Waliohitimu kisomo wagawane kazi. Mmoja ahesabu kaya, mwingine aulize zahanati, mwingine aende kwa wakulima. Siku mbili zinatosha. Mwenye simu ya picha apige picha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na shida bila daftari nayo hupotea.

Pili, tuiingize kwenye ajenda. Twende kwa Mtendaji wa Kijiji kabla ya mkutano. Tumwambie kwa adabu, "Mtendaji, tunaomba jambo hili liwe ajenda." Tusingoje "mengineyo" mwisho wa mkutano, wakati watu wameanza kusimama.

Tatu, tuseme kwa ufupi. Achaguliwe msemaji mmoja au wawili, na mmoja wao awe mama aliyewahi kumsindikiza mgonjwa wa machela. Wasitukane mtu. Waseme hali ilivyo, waseme hesabu, waseme tunaomba nini.

Nne, tuhakikishe imeandikwa. Hili ndilo wengi hulisahau. Mkutano ukisha, muulize Mtendaji, "Muhtasari unasemaje juu ya kalavati?" Mwombe akusomee. Neno lisiloandikwa kwenye muhtasari ni kama halikusemwa.

Tano, iandikwe barua. Iwe fupi, ukurasa mmoja tu. Mfano huu hapa:

Kijiji cha ....................
Kata ya ....................
Tarehe ....................

Meneja wa TARURA,
Wilaya ya Same.

Kwa kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kata.

YAH: KUVUNJIKA KWA KALAVATI KATIKA KITONGOJI CHA ....................

Tafadhali husika na somo la hapo juu.

Kalavati lililotajwa lilisombwa na mvua tarehe ........... Kaya ........... hazifikiwi na gari. Tangu siku hiyo wagonjwa ........... wamebebwa kwa machela.

Mkutano Mkuu wa Kijiji wa tarehe ........... uliazimia kuomba (1) mtaalamu aje kutazama, na (2) kalavati liingizwe katika matengenezo. Wananchi wapo tayari kukusanya mawe na mchanga.

Tunaomba jibu kwa maandishi.

Mwenyekiti wa Kijiji (sahihi)
Afisa Mtendaji wa Kijiji (sahihi na mhuri)

Nakala: Mheshimiwa Diwani, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya.
Viambatisho: Muhtasari wa mkutano, hesabu ya kaya, picha.

Sita, tutunze nakala. Barua ipelekwe na nakala mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, irudi kijijini. Bila mhuri huo mtafanya nini siku mtakapoambiwa barua haikuonekana?

Sikilizeni mazungumzo ya ofisini ya mtu asiye na nakala:

Mama: Hodi. Nimekuja kuulizia ile barua yetu.
Karani: Shikamoo mama. Karibu. Barua gani?
Mama: Marahaba mwanangu. Ile ya barabara.
Karani: Ya tarehe ngapi?
Mama: Ilikuwa wakati wa palizi.
Karani: Nani aliipokea?
Mama: Kijana mmoja mrefu.
Karani: Mama, hapa barua ni nyingi. Sijui nianzie wapi.

Na haya ni ya mwenye nakala:

Mama: Mwanangu, barua yetu ilipokelewa hapa tarehe 14 Aprili. Mhuri wenu huu hapa.
Karani: Ngoja mama, niiangalie kwenye jalada.

Karani ni yule yule, na mama ni yule yule. Kilichobadilika ni karatasi moja.

Saba, tufuatilie. Wachaguliwe watu wawili au watatu wa kufuatilia. Waende baada ya wiki tatu hivi. Wakijibiwa, warudi kuueleza mkutano, hata kama jibu si zuri. Jibu la "fedha hazipo mwaka huu" nalo ni jibu. Litatusaidia kujua lini tuombe tena.

MSIMU WA BAJETI

Mkulima hapandi mahindi Julai, halafu akalaumu mvua. Fedha za serikali nazo zina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Lakini mipango huanza mapema zaidi. Kwa kawaida, kabla mwaka haujaisha, vijiji na kata hupanga vipaumbele vyao. Mwanzoni mwa mwaka mpya Baraza la Madiwani hujadili bajeti. Kuanzia Aprili mpaka Juni Bunge hukaa Dodoma kupitisha bajeti ya nchi.

Kwa hiyo ombi la kujenga kitu kipya likifika Julai, fedha za mwaka huo zimekwisha kupangwa. Lipelekeni wakati wa mvua za vuli, vijiji vinapopanga. Jambo la hatari, kama ufa mlimani au daraja linaloyumba, hilo halina msimu. Lisemwe siku hiyo hiyo. Hatujasahau Novemba 2009, maporomoko ya udongo yalipofunika nyumba kijijini Goha, Mamba Miamba, na kuua watu zaidi ya ishirini.

Na tujue pia ukubwa wa jambo. Koki iliyovunjika hutengenezwa na chombo cha maji cha kijiji. Mradi mkubwa huchukua miaka. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaotoa maji bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza mwaka 2014. Ulikwama, ukaulizwa bungeni mara nyingi, ukaanza tena. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mwezi Machi 2025. Fikiri, zaidi ya miaka kumi! Kama watu wangeacha kuuliza, huenda ungelala mpaka leo.

TUKINYAMAZIWA JE?

Tusikate tamaa, wala tusivunje ofisi. Tupande ngazi moja. Kama Mtendaji wa Kijiji hatendi, tumwone Mtendaji wa Kata na Diwani. Kama kata imenyamaza, tumwandikie Mkurugenzi. Baada ya hapo Mkuu wa Wilaya, na Mbunge. Kila barua itaje zile zilizotangulia na tarehe zake.

Kama tunataka habari, kwa mfano fedha za zahanati zilikuwa kiasi gani, iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaweza kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kuna taarifa chache ambazo sheria imezifunga, kama za usalama wa taifa. Hesabu ya mifuko ya saruji ya zahanati si siri ya taifa.

Mtu akikuomba rushwa ili akupe huduma, toa habari TAKUKURU. Namba yao ya simu ni 113, na kupiga ni bure. Sema ulichokiona, si ulichokisikia kwa jirani.

UPANDE WETU NAO

Haki ina mwenzake, naye ni wajibu. Upare tuna msaragambo. Babu zetu walichimba ndiva za kuhifadhi maji ya mfereji kwa msaragambo. Kila nyumba ilitoa mtu, na aliyetega alijulikana. Maji yaligawanywa kwa zamu. Hakuna serikali iliyokuja kuwachimbia.

Kijiji ambacho kimekwisha kusanya mawe na mchanga kina neno zito mbele ya Meneja. Lakini mchango nao una utaratibu. Uamuliwe na Mkutano Mkuu. Kila anayetoa fedha apewe stakabadhi. Hesabu isomwe mkutanoni na kubandikwa ubaoni, watu wote waione. Mtu akikataa kutoa stakabadhi, muulize kwa upole, "Ndugu, nitajuaje kuwa fedha yangu imefika?" Kiongozi mwaminifu hachukii swali hilo. Linamlinda yeye pia.

Na kiongozi akifanya vizuri, tumshukuru hadharani. Kalavati likijengwa, mkutano uandike barua ya shukrani. Barua hiyo nayo itakaa kwenye jalada, na siku mkirudi na shida nyingine mtapokelewa kama watu wanaojulikana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji? Katika kikundi chenu, wangapi walihudhuria mkutano uliopita?
2. Kuna tofauti gani kati ya Mwenyekiti wa Kijiji na Mtendaji wa Kijiji?
3. Bomba la kijiji limepasuka. Mtaanza kwa nani? Na kama ni barabara ya kijiji?
4. Kwa nini nakala yenye mhuri ni muhimu?
5. Watu wa mbiru walifanya mambo gani ambayo sisi tunaweza kuyafanya leo?

KAZI YA KUFANYA: Chagueni shida moja ya kijiji chenu. Ihesabuni, kisha andikeni barua kwa kufuata mfano uliotolewa. Isomeni kwa sauti kikundini na kuisahihisha. Halafu mpelekeeni Mtendaji kabla ya mkutano ujao.

MAANA YA MANENO

Ajenda: mambo yatakayozungumzwa mkutanoni.
Jalada: faili la kutunzia barua na karatasi za ofisi.
Kuazimia: kukubaliana na kuamua pamoja.
Muhtasari: maandishi mafupi ya yale yaliyosemwa na kuamuliwa katika mkutano.
Stakabadhi: karatasi ya kuonyesha kuwa fedha imepokelewa, risiti.